Nani Anapiga Kengele Ndani ya Seli?

Sisi wa mwaka wa sita tumemaliza somo la ADN, na mabishano hayajaisha. Wamoja wanauliza: seli haina akili, basi inajua namna gani saa ya kuanza kunakili ADN yake? Wengine wanajibu: "Mungu anajua, musitafute zaidi." Jibu hili halitutoshi. Mungu yule yule alitupa macho na hesabu.

Tuanze na hesabu. Kromozomu ya 1 ya mtu iko na herufi karibu milioni 250. Mashine inayonakili inaenda herufi kama 50 kwa sekunde. Ingeanzia mahali pamoja tu, katikati, na kwenda pande mbili, ingemaliza nyuma ya siku 29 hivi. Lakini seli ya mtu inamaliza yote kwa masaa karibu 8! Ni kwa sababu inaanzia mahali pengi, makumi ya maelfu. Basi taabu inatokea hapo: seli inajua vipi mahali palipokwisha kunakiliwa? Pakinakiliwa mara mbili, ADN inaweza kuvunjika, na seli kuelekea njia ya kansa.

Mwaka 1970, kule Marekani, Rao na Johnson waliunganisha seli mbili kuwa moja. Seli iliyokuwa ikinakili iliifanya ile ambayo haijaanza ianze upesi. Kumbe amri inatembea ndani ya maji ya seli. Lakini kiini kilichokwisha kunakili, hata kikikaa pamoja na kile kinachonakili, kilikataa kuanza tena. Amri iko mle mle, hakiitii. Sababu gani?

Mwaka 1988 Blow na Laskey wa Uingereza, wakitumia mayai ya chura wa Afrika mwenye makucha, walitoa wazo la ruhusa: pa kuanzia panahitaji ruhusa, na ruhusa inatumika mara moja tu.

Leo mambo yanajulikana zaidi. Fikirini egzameni. Karatasi zinagawanywa mbele ya kengele. Kengele ikilia tunaandika, na mlango unafungwa. Aliyekosa karatasi amekosa. Ndivyo ilivyo mu seli. Mbele ya kunakili, proteini ORC inakaa pa kuanzia, na kwa msaada wa Cdc6 na Cdt1 inavalisha ADN pete za MCM. Hizo ndizo karatasi. Pete zinalala tu. Kisha nguvu ya CDK inapanda: kengele. Na ajabu yenyewe (sisi tuliisoma mara tatu) ni hii, CDK ile ile inayoamsha pete ndiyo inakataza kuvalisha pete mpya. Kengele na mlango ni kitu kimoja. Tena mu seli zetu kuna mlinzi wa pili, geminini, anayemshika Cdt1. Seli ikigawanyika, CDK inashuka, geminini inaharibiwa, karatasi zinagawanywa upya.

Hata hivyo si pote panaanza pamoja. Sehemu zenye jeni zinazofanya kazi zinatangulia. Zile zilizokunjwa sana zinangoja. Mwanamke ana kromozomu X mbili, na ile iliyonyamazishwa inanakiliwa kwa kuchelewa. Proteini Rif1 inasaidia kuchelewesha.

Na nani anahesabu masaa? Turudi kwa yule chura. Yai lake likishatungwa linagawanyika mara 12 upesi upesi, kila mara kama nusu saa, na kunakili ADN yote kunachukua dakika 20 hivi. Nyuma ya hapo kazi inapungua mwendo. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba proteini nne zinazohitajika kwa kuanza zinakuwa chache: yai liliziweka akiba, na sasa viini vimekuwa maelfu, vinagawana zile zile. Watafiti walipoongeza hizo nne, viini viliendelea mbio, mwendo haukupungua sawa vile kawaida. Hakuna aliyehesabu. Akiba ilipungua, ndiyo saa yenyewe.