Cheti Changu, Jina Langu

Mwalimu mwenzangu, kama mshahara wako umesimama na unaona aibu kumwambia mtu, haya nakuandikia wewe.

Mimi ni mtoto wa Mkumbi, Mbinga. Nilisomeshwa kwa kahawa ya wazazi wangu, na tulikula mahindi na maharage ya kwenye mashamba ya ngolo. Baada ya chuo nilipangiwa shule ya sekondari ya kata, nikafundisha historia. Mada niliyoipenda kuliko zote ni ile ya vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Mwanafunzi akiniambia viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea Februari 1906, nilimuuliza: umejuaje? Chama cha Walimu, CWT, nilikijua kwa makato ya asilimia 2 na kwa mgomo wa Julai 2012, uliositishwa na mahakama siku chache baada ya kuanza. Basi.

Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti pale Dodoma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kulikuwa na kundi jingine, la utata: cheti kimoja, watu zaidi ya mmoja. Mimi nilikuwa humo. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimempatia ajira mtu nisiyemjua.

Mwisho wa mwezi wenzangu walipata meseji za benki. Mimi sikupata. Nikaambiwa nikae pembeni mpaka mwenye cheti ajulikane. Mtaani likaenea neno: mwalimu feki. Mwenye duka akafunga daftari la mkopo. Wanajumuiya walikuja kusali nyumbani, wakatuachia unga, na mimi nilishindwa hata kuwatazama usoni.

Kisha mtoto wetu mdogo akaugua. Ilikuwa usiku. Alihema kwa shida. Hela hakuna. Nilitoka nje. Mvua ilinyesha. Nilisimama migombani. Nikamwambia Mungu, nichukue mimi, mwache mtoto. Halafu nikaanza kuwaza namna ya kuchukuliwa. Niliwaza kweli. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Mke wangu alinifuata. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono, akasema, “Baba, rudi ndani. Mtoto anakutaka.” Nikarudi.

Kabla hakujapambazuka kaka yangu alikuja na bodaboda. Kahawa yake ilikuwa bado mbichi mtini, naye alikuwa ameiuza kwa magoma. Aliyelima kahawa Mbinga anajua hasara ya magoma: unapokea fedha kidogo leo, mavuno yote yanakwenda kwa mwingine. Fedha ile ndiyo iliyomlaza mtoto hospitali, akapona. Iliyobaki kaka akanipa niwe na nauli. Hajawahi kunidai.

Nauli ile ndiyo iliyonifikisha kwa mzee mmoja wa CWT wilayani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwalimu, si unafundisha vyanzo? Twende tukavitafute.” Tukaenda. Parokiani tulipekua kitabu cha ubatizo. Shule ya msingi tulikuta jina langu kwenye rejista, na jina la baba. Mwalimu aliyenifundisha sekondari, mstaafu, alikubali kuja kusema kwamba ananijua tangu nikiwa mwanafunzi wake. Kwa wakili nikaapa hati ya kiapo. Tulipopeleka ushahidi huo ofisini tukaambiwa turudi wiki nyingine, mzee yule aliketi kwenye benchi, akasema tutasubiri.

Barua ilitoka. Cheti ni changu. Mshahara ulirudi, malimbikizo yalichelewa sana, lakini nayo yalikuja. Namshukuru Mungu, na sitachoka kumtaja mzee yule katika sala zangu.

Walimu wa shuleni kwangu walinichagua niwe mwakilishi wao, na tangu hapo sijaiacha kazi hii. Napokea waliohamishwa bila kulipwa, waliokwama daraja, wanaodai malimbikizo. Wa Liuli na Mbamba Bay nao hunipigia. Wengi hawajui kwamba kabla ya mtu kufukuzwa kazi kwa kosa la nidhamu anapaswa kupewa hati ya mashtaka na muda wa kujitetea. Hilo huniumiza, kwa sababu mtu hujihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa.

Hofu bado ninayo. Tarehe za mshahara zikikaribia tumbo hukaza mpaka simu ilie. Mke wangu anajua, hukaa karibu nami.

Wewe uliyeshika barua ya kusimamishiwa mshahara sasa hivi, mwonyeshe mtu wa nyumbani leo, usisubiri kesho. Kama unawaza nilichowaza migombani, mwambie na hilo, kwa maneno hayo hayo. Asubuhi mtafute mwakilishi wa chama shuleni kwako. Beba barua ya ajira, hati za mshahara, vyeti na nakala zake. Kaombe uthibitisho parokiani, msikitini, shule uliyoanzia darasa la kwanza. Na ukiwa upande huu wa Mbinga, nipitie. Nitakwenda nawe mpaka dirishani, na wakituambia tusubiri, tutasubiri wote.