Kutoka Mombasa Hata Mambasa
Mombasa na Mambasa hutofautiana kwa herufi moja tu. Lakini dereva huona tofauti kubwa. Motokaa nyingi zilizokwisha kutumika Ujapani hushushwa bandarini Mombasa, hupita Uganda, hata hufika kwetu Ituri zikiwa na usukani upande wa kuume. Huko watu huendesha kushoto mwa njia; sisi Kongo, kuume. Basi ukiwa nyuma ya lori katika njia ya Komanda, vumbi limetanda, huoni mbele. Wamwuliza abiria: “Njia i wazi?” Roho za watu hutegemea jicho lake.

Ndugu msomaji, ukienda kununua, usitazame rangi tu. Inama utazame springi, kisha utazame usukani uko wapi. Na kama fedha zako hazitoshi kupata nyingine, usilipite lori mpaka umeona njia kwa macho yako mwenyewe. Kuchelewa si msiba.