Kadi, karata ya A, na swali la nani anashika saa

Nilikuwa nimezama ndani ya msimbo, leo ndiyo natoa kichwa nje. Kwa wale waliokuwa wakiniuliza ni kazi gani inayonikesha mpaka saa nane za usiku na joto hili la Garissa, jibu ni mchezo wa karata. Ndiyo, karata. Msicheke kwanza.

Mchezo wenyewe ni Kadi. Wakenya wengi huuita poka, ingawa hauna undugu na ile poka ya Las Vegas. Ndugu zake hasa ni Crazy Eights na UNO. Kwa asiyeujua, hizi hapa ni kanuni za meza yetu (za kwenu zinaweza kuwa tofauti kidogo, na hilo nitalirudia). Kila mtu anapewa karata nne. Unatupa karata inayofanana na iliyo juu, ama kwa namba ama kwa aina: kopa, uru, shupaza au pau. Ukitupa 2, anayefuata anaokota mbili. Ukitupa 3, anaokota tatu. Jokeri ni tano. J inaruka mtu, K inarudisha mchezo ulikotoka. Q na 8 ni maswali, na ukiuliza unajijibu mwenyewe kwa karata nyingine ya aina ile ile. A inaomba aina unayoitaka. Lakini A ina kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi: inazuia. Umetupiwa Jokeri, unaweka A juu yake, adhabu imekufa.

Anayemaliza karata zote ndiye mshindi, ila lazima awe ametangaza "Niko kadi!" katika zamu iliyotangulia. Asipotangaza, hamalizi.

Sasa kisa. Kuna ndugu wawili, mmoja anafanya biashara Eastleigh, Nairobi, mwingine yuko Hagadera, katika kambi za Dadaab, kama kilomita 100 kutoka hapa. Walikua wakicheza Kadi kwenye mkeka mmoja. Walipotengana wakaanza kucheza kwa simu, kwa programu moja ambayo sitaitaja jina. Jioni moja kaka mtu akatupa Jokeri. Mdogo alikuwa na A. Akaibonyeza. Mtandao nao ukaamua kwenda kupumzika. Programu ikahesabu sekunde kumi, ikaona kimya, ikampa karata tano. Mtandao uliporudi aliiona A yake iko pale pale mkononi, imezungukwa na wageni watano. Kaka hakujua lolote, alijua ameshinda tu, na akamtania kama ndugu wanavyotaniana. Mdogo akaamini kaka yake ameona kila kitu na amenyamaza. Wiki mbili hawakupigiana simu.

Mjomba wao ni jirani yangu. Alikuja jioni moja akakaa, akanywa chai yake yote kabla ya kusema neno.

"Wewe si ndiye unayeandika programu?"

"Ndiye, adeer."

"Basi andika moja isiyogombanisha watoto wa dada yangu."

Mteja wa namna hiyo hana bajeti wala hati ya mahitaji, lakini swali lake lilikuwa safi kuliko mengi ninayoletewa na wenye ofisi. Nilipokaa kulichambua niliona kwamba A haina nguvu yoyote ya peke yake. Nguvu yake iko katika muda ambao unaruhusiwa kuitupa. Mezani muda huo unashikwa na watu: unamwona mwenzako anapanga karata, unamsubiri, ukichoka unamwambia "cheza bwana". Ndani ya simu muda unashikwa na mashine. Kwa hiyo anayeandika ile saa ndiye anayeamua nani kweli ana A na nani amebeba karatasi tu. Ukiweka sekunde kumi, mtu wa Eastleigh ana A nne katika pakiti. Mtu wa Hagadera ana A nne mtandao ukipenda.

Nikaenda kutazama wenzetu wa mbali walivyolitatua. Wakubwa wa jambo hili ni watu wa Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotoka mwaka 1993. Tangu toleo la kwanza una karata iitwayo Counterspell, na kazi yake ni moja tu: kuua uchawi wa mwenzako kabla haujafanya kazi. Miaka ya mwanzo kanuni za nani anaingilia lini zilikuwa vurugu, kulikuwa hata na jamii ya karata zilizoitwa interrupts zenye haki ya kukatiza zingine. Mwaka 1999, pamoja na toleo la sita, wakaweka kitu ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta anakijua: rundo. Natupa uchawi, unakaa juu ya rundo. Unatupa cha kuuzuia, kinakaa juu ya changu. Nami nazuia kizuizi chako. Kisha tunafungua kutoka juu kwenda chini, cha mwisho kuingia kinatoka kwanza. Na hakuna kinachofunguliwa mpaka sote wawili tumesema, mmoja baada ya mwingine, "sina la kuongeza".

Yu-Gi-Oh nao wana mnyororo wa namna hiyo hiyo, ila wameongeza mwendo: karata za mwendo wa 1, 2 na 3. Counter Trap ni mwendo wa 3, na kinachoweza kuijibu ni Counter Trap nyingine tu. Tena huko kuna karata ambazo neno moja katika maandishi yake, "when" badala ya "if", linaweza kukunyima nafasi kabisa kama tukio lako halikuwa la mwisho kutokea. Mawakili watupu!

Kadi haihitaji rundo. Ukiitazama vizuri, wazee wetu waliounda kanuni hizi mezani walikwepa tatizo kwa akili sana: adhabu inayoelea ni moja tu, na mwenye haki ya kuijibu ni mmoja tu, yule anayefuata, tena katika zamu yake. Hakuna wawili wanaokimbilia kuzuia kitu kimoja. Katika msimbo wangu mambo yote ya kuzuia yamekaa katika vigezo viwili, nimeviita "adhabu" na "mdaiwa". Jokeri ikitupwa, adhabu ni 5 na mdaiwa ni anayefuata. Akitupa A, adhabu inakuwa 0. Akitupiwa 2 naye akaweka 2, deni linahamia kwa mtu wa tatu. Basi. Programu yote ya kuzuia haifiki mistari arobaini.

Na hapa kwetu si jambo geni. Katika shax, ule mchezo wa Wasomali wa vijiti na mawe, kila mtu ana vipande kumi na viwili. Ukipanga vitatu mstari mmoja, hiyo ni jare, na jare inakupa haki ya kuondoa kipande cha mwenzako. Lakini ukiipata wakati bado mnaweka vipande, huondoi kitu. Haki yako inangoja mpaka vyote vimewekwa, kisha aliyetangulia kupata jare ndiye anayetangulia kuondoa. Deni linaandikwa sasa, linalipwa baadaye. Wazee wanaocheza kivulini hawajawahi kusikia neno "rundo", lakini wanajua tofauti ya kupata haki na kuitumia.

Turudi kwenye simu. Mtego wa kwanza niliouona mapema ni wa kimya kinachosema. Mtu unaweza kufikiri: kama mchezaji hana A, wala 2, wala chochote cha kuzuia, kwa nini nimngoje? Mpe karata zake haraka, mchezo uende. Kumbe hapo umemuumbua! Kila mara programu ikisita, mpinzani anajua una A. Wachezaji wa Magic Arena wanalijua hili vizuri, kusita kidogo kwa mashine kunawaambia kwamba mwenzao ameshika kitu. Kwangu basi hata usiye na kitu utaokota kwa kidole chako mwenyewe, ukitaka ukae unajikuna kichwa kana kwamba una A tatu. Kudanganya kwa uso ni nusu ya mchezo, na sikutaka kukunyang'anya.

Mtego wa pili ni "Niko kadi". Hii ndiyo kanuni pekee ya Kadi inayoshindanisha watu kwa kasi: unatakiwa kutangaza kabla anayefuata hajatupa. Mezani sauti inafika kwa wote papo hapo. Kwenye mtandao, tangazo lako na karata ya mwenzako zinakimbizana kwenda kwenye seva, na mwenye mtandao mbovu atashindwa hata kama alisema kwanza. Wengi hujaribu kulitibu hili kwa kupima muda wa kila simu, kusawazisha, kusamehe nusu sekunde hapa na pale. Mimi nimeondoa mbio zenyewe. Tangazo linasafiri ndani ya ujumbe ule ule wa karata unayotupa. Kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama kabla ya kutupa. Ukisahau, umesahau wewe, si mnara wa simu. Na watu wanasahau, alhamdulillahi, maana bila kusahau Kadi haina utamu.

Mtego wa tatu, saa yenyewe, ndio uliochukua siku nyingi. Nimeacha kabisa sekunde za kila zamu. Badala yake nimechukua mtindo wa sataranji, ambao Magic Online pia wanautumia: kila mchezaji ana dakika zake za mchezo mzima, na zinapungua tu wakati simu yake imeunganishwa na ni zamu yake. Mtandao ukikatika, saa inasimama na mwenzako anaandikiwa waziwazi, "Mwenzako hana mtandao." Sentensi hiyo ndogo ndiyo ninayoiamini kuliko msimbo wote. Wale ndugu hawakugombana kwa sababu ya karata tano. Kila mmoja alikuwa anatazama kimya cha mwenzake na kukijaza maana yake mwenyewe.

Najua mtaniambia: je, mjanja akiona Jokeri akazima simu makusudi? Anaweza. Atakuta Jokeri inamngoja atakapoiwasha, adhabu 5, mdaiwa yeye. Deni halifi kwa kujificha. Kama hataki kurudi kabisa, huyo hakuwa anacheza na wewe tangu mwanzo, na hilo seva yangu haiwezi kulitengeneza.

Kuna kitufe kimoja nilichokiongeza kwa agizo la mjomba: "Swala". Mezani kwetu adhana ikitoka karata zinalazwa kifudifudi na hakuna anayezigusa. Nikamuuliza niweke kikomo cha mara ngapi kwa mchezo. Alinitazama sana. "Nani atamdanganya Mungu kwa ajili ya Jokeri?" Sikuweka kikomo. Hao ndugu wamekuwa wajaribu wangu tangu mwezi uliopita, na mdogo anaongoza.

Lililobaki ni la kanuni za nyumbani. Kabla ya mchezo wa kwanza wachezaji wawili wanakubaliana: 2 juu ya 2 zinajumlishwa au inahesabiwa ya mwisho tu? Na A iliyotumika kuzuia, je, inaruhusiwa pia kuomba aina, au imeshamaliza kazi yake? Sisi hapa tunasema imemaliza. Jamaa yangu wa Mombasa anaapa kwamba inafanya yote mawili. Nimeandika zote, lakini lazima moja iwe ya kuanzia, na bado sijaamua. Mezani kwenu mnachezaje?