Asubuhi Moja ya Kutafuta Umeme

Mtu akitembea huona mengi, na mengine huyaona ili aaibike. Haya ninayoyaandika leo ni ya namna hiyo.

Mimi ni karani wa parokia huku Umatengo, katika Jimbo la Mbinga. Nilisoma chuo cha ualimu, lakini badala ya chaki nikakabidhiwa daftari za ubatizo na funguo za ofisi. Kazi ya ukarani humzoeza mtu kupenda utaratibu: saa ya kufungua, saa ya kufunga, jina mahali pake, sahihi mahali pake. Nami niliupenda utaratibu kuliko unavyostahili kupendwa, kama mtakavyoona.

Ofisi yetu ina paneli za jua juu ya bati na betri mbili kabatini. Nyumba nyingi za mabondeni kwetu hazijavutiwa waya wa umeme, kwa hiyo watu huleta simu zao kuchajiwa ofisini. Saa kumi jioni nafunga. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, nikaibandika mlangoni.

Basi mwezi wa Novemba mwaka 2024 nilikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda Ujerumani, katika mji wa Würzburg, ambao jimbo lake lina urafiki wa miaka mingi na jimbo letu. Würzburg ni mji wa kadiri, wenye watu wapatao 130,000, umekaa kandokando ya mto Main, na vilima vyake vimefunikwa kwa mizabibu. Ndiko Wilhelm Röntgen alikogundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, ile inayotumiwa hata katika hospitali zetu kutazama mfupa uliovunjika.

Nilipangiwa kukaa kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ujanani alifundisha miaka minne mkoani Ruvuma. Kiswahili chake kilikuwa na kutu kidogo lakini kilikuwa kizima. Nilimwamkia “Shikamoo, Mwalimu,” naye akaitikia “Marahaba” kwa furaha ya mtu aliyekosa neno hilo muda mrefu. Mkewe hakuwapo. Alikuwa amepasuliwa nyonga na kuwekewa kiungo cha bandia, akapelekwa Bad Kissingen, mji wenye nyumba nyingi za kuuguzia, kiasi cha kilomita 60 kutoka Würzburg, ili ajifunze kutembea upya. Wiki tatu zilikuwa zimetimia. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa aruhusiwe kurudi, na Mwalimu alikuwa amemwahidi: “Saa nne kamili nitakuwa mlangoni.”

Motokaa yake ni ya umeme. Haina tangi la petroli, ina betri kubwa chini ya sakafu, na ikienda haitoi moshi wala kelele. Ninyi mnaonunua uniti za LUKU mtanielewa upesi: betri ile hujaa kwa uniti kama 40. Wakati wa joto uniti hizo huipeleka mbali, lakini wakati wa baridi betri huchoka, tena dereva huwasha joto la ndani, na joto hilo nalo hula umeme wa betri ile ile. Novemba ile kila kilomita 100 ilimeza uniti kama 20.

Mwenye nyumba yake na ua wake huko huweka kisanduku cha kuchajia ukutani, akalala, akaamka betri imejaa. Lakini Mwalimu anapanga katika ghorofa ya tatu, na motokaa yake hulala barabarani. Hawezi kushusha waya dirishani ukapita juu ya njia ya watu. Watu wa namna yake hutegemea nguzo za kuchajia zilizosimikwa na makampuni kando ya barabara. Hazina matumizi magumu. Unaegesha karibu, unatoa waya wako mwenyewe nyuma ya motokaa, maana nguzo nyingi za kawaida zina tundu tu. Unachomeka huku na huku, unagusisha kadi yako kwenye nguzo, taa inabadilika rangi, waya unajifunga asije mtu akauchomoa, na umeme unaanza kuingia.

Ijumaa jioni Mwalimu alitaka kwenda kuchaji. Mimi ndimi niliyemchelewesha. Nilimwomba kwanza anionyeshe daraja la kale lenye sanamu za watakatifu, kisha nikataka kuitazama ngome ya Marienberg ikiwaka taa upande wa pili wa mto. Tuliporudi, nguzo ya mtaani kwake ilikuwa imekwisha kaliwa. “Si kitu,” akasema, “tutaamka mapema.” Betri ilikuwa imebakiwa na uniti sita. Hizo zingetufikisha kilomita 30 tu, yaani kiasi cha nusu tu ya safari ya kwenda.

Saa moja asubuhi tulikuwa barabarani, giza bado, baridi inauma masikio. Kwenye nguzo ya mtaani ile motokaa ya jana ilikuwa ingalipo, imejaa tangu usiku, na mwenyewe amelala. Baadhi ya makampuni humtoza mtu faini kwa kila dakika akizidisha saa nne, lakini mara nyingi usiku husamehe. Basi Mwalimu akafungua ramani katika simu yake. Nguzo zilizo wazi huonyeshwa kwa rangi ya kijani. Tukaifuata ya kijani iliyokuwa karibu, jirani na shule. Tulipofika tukakuta motokaa ya petroli imeegeshwa pale pale, chini ya kibao kinachosema kuwa mahali hapo ni pa motokaa za umeme zinazochajiwa. Nikauliza, mbona ramani imesema pako wazi? Mwalimu akacheka bila furaha. “Ramani inajua kama waya umechomekwa, Karani. Haijui ni nani amekaa mlangoni.”

Ya tatu ilikuwa imezimika, kioo chake cheusi kama kaa. Ya nne ilikuwa nzima na mahali pake wazi, lakini kadi ya Mwalimu iliikataa. Huko makampuni ni mengi, na ingawa mengi yamepatana kupokeleana kadi, si yote. Ilitakiwa kupiga picha ya mchoro wenye madoadoa, kuingiza programu katika simu, kuandika jina, kungoja namba ya siri na kulipa. Mikono ya mzee ilikuwa imekufa ganzi, miwani imeingia ukungu, na namba ile ilikataa mara tatu. Mimi niliyejiona fundi wa simu kijijini kwetu sikuweza kumsaidia, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwa Kijerumani.

Huenda msomaji anauliza, je, hakuna nguzo za kasi? Ziko, hasa karibu na barabara kuu, nazo huweza kulisha motokaa kwa nusu saa hivi. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 2024 inataka nguzo mpya za kasi, za kilowati 50 na zaidi, zikubali kadi ya kawaida ya benki, ili mgeni asihangaike kama sisi. Lakini motokaa ya Mwalimu ni ya zamani kidogo, haina tundu la umeme wa kasi. Ilinilazimu kukumbuka kwamba kitu kipya kinapoletwa kwa ajili ya watu wote, mara nyingi huwafikia mwisho wale wenye vyombo vya jana.

Saa tatu ilipogonga, Mwalimu alipiga simu Bad Kissingen. Nilisikia sauti ya mama upande wa pili, ya upole na fupi. Alipokata simu, alikaa kimya, kisha akanifasiria: “Anasema amekwisha kabidhi chumba. Atakaa chini mlangoni. Anasema nisikimbize motokaa.” Nilimwuliza juu ya treni. Akatikisa kichwa: mama mwenye nyonga mpya na mzigo hawezi kupanda na kushuka kwenye vituo.

Nguzo ya tano ilikuwa karibu na mto, nayo ina matundu mawili. Yote mawili yalikuwa yamekaliwa. Tulisimama pale kama watu waliofika kisimani wakakuta foleni, na ndoo hazina wenyewe. Mara akaja mwanamke kijana, amebeba mtoto mkono mmoja, akaangalia kioo cha motokaa yake. Mwalimu akamsalimu na kumweleza. Sikufahamu maneno, ila nilifahamu uso wa yule mwanamke ulivyobadilika aliposikia habari za mama anayengoja. Motokaa yake ilikuwa bado haijajaa, na alikuwa na haki ya kubaki pale. Akaweka mtoto kitini, akachomoa waya wake, akasogeza motokaa yake pembeni. Kadi ya Mwalimu ilipokataliwa pale pia, akatoa ya kwake akaigusisha kwenye nguzo. Taa ikabadilika rangi. Saa yangu ilionyesha saa tatu na nusu.

Tulichaji saa moja na nusu, mpaka asilimia 80. Mwalimu alinieleza kwamba hakuna haja ya kungoja mpaka mia, maana betri inapokaribia kujaa hupokea polepole, na hasa kwenye nguzo za kasi anayeng'ang'ania asilimia za mwisho huwakalia wenzake bure. Ziliingia uniti 26, kila uniti senti 59, jumla Euro 15 na senti 34. Yule mama alikuwa amekwenda kumnunulia mtoto mkate, akarudi kwa wakati. Mwalimu akampa Euro 20, naye akahesabu na kurudisha chenji mpaka senti ya mwisho. Kisha akaingiza motokaa yake, akaanza upya zamu aliyokuwa ameiacha.

Tulifika Bad Kissingen saa sita mchana. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya mlango, amevaa koti, mkoba uko magotini, fimbo mbili zimeegemezwa kando. Hakulalamika. Alitutazama tu kama mtu aliyekuwa ameanza kuzoea kwamba hatutakuja.

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuuona uso ule. Niliuona mlangoni pa ofisi yangu.

Mwaka mmoja kabla ya safari, Jumamosi moja, alikuja mama wa bonde la pili ameshika simu yake katika kitambaa. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. “Karani, mwanangu,” akasema, “niwekee hata kidogo tu. Dada yangu anaumwa Songea, nangoja habari.” Nilikuwa nimekwisha funga. Nikamwonyesha karatasi mlangoni. Nikamwambia, “Mama, sheria ni sheria, njoo kesho baada ya misa.” Aliketi kidogo kwenye benchi, labda akifikiri nitageuza moyo, kisha akashuka bondeni. Kesho yake simu ilipowaka, habari ziliingia zote kwa pamoja: dada alikufa usiku ule, na maziko ni saa nane mchana. Alipopata gari akafika Songea, watu walikuwa wakinawa mikono wakirudi kutoka makaburini.

Hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniita mwanangu. Nami nilijituliza nikisema kwamba nilifuata utaratibu. Lakini asubuhi ile nilikuwa mimi mwombaji wa umeme, nimezunguka nguzo tano, nimekutana na kila namna ya mlango uliofungwa. Na mlango ulipofunguka, haukufunguliwa na sheria mpya wala kadi mpya. Ulifunguliwa na mtu aliyekuwa na haki ya kusema “ngojeni zamu yenu,” akachagua kuuliza kwanza, “Mnakwenda wapi?”

Sikusudii kusema kwamba utaratibu ni kitu kibaya. Bila utaratibu, mwenye nguvu angechomeka na mnyonge angengoja mpaka jua lichwe. Yule mwenye motokaa ya petroli ndiye aliyevunja utaratibu, na tuliumia. Lakini yule aliyelala motokaa yake ikiwa imejaa hakuvunja sheria yoyote, na tuliumia vile vile.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwanza bondeni kwa yule mama. Nilimweleza yote, tangu daraja hata benchi la Bad Kissingen, nikamwomba radhi. Alinisikiliza akichambua maharage. Mwishoni akasema, “Siku ile nilidhani betri zako zimekwisha.” Kumbe mwaka mzima alikuwa amenitafutia udhuru, na udhuru wenyewe haukuwa wa kweli, na mimi ndimi niliyekuja kumwondolea. Jambo hilo lilikuwa zito kusema kuliko nilivyotazamia.

Karatasi ya mlangoni nimeiandika upya. Saa kumi ingalipo. Simu iliyojaa huondolewa mara moja, na jina la mwenyewe huandikwa ubaoni aje aichukue. Tundu moja kati ya manane halipewi mtu wa kawaida. Hukaa wazi kwa mwenye mgonjwa au msiba. Na chini kabisa nimeandika namba yangu ya simu na maneno haya: “Ukikuta pamefungwa na una shida, bisha hodi nyumbani kwa karani.”

Wamekwisha bisha mara kadhaa. Mara moja alikuwa kijana aliyetaka kusikiliza mpira tu. Nilimkaripia kidogo, naye akacheka, akarudi kwao. Usiku mwingine alikuwa yule mama wa bonde la pili, ana kitambaa kile kile mkononi. Sikumwuliza ni saa ngapi.