Kushtakiwa si Kuhukumiwa

Hapa Kamembe na katika vilima vyote vya Rusizi, mtu akikamatwa kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa, hukumu ya majirani huitangulia ile ya mahakama. Watu husema, "Huyo amekwisha," na jamaa zake huanza kutafuta mnyama wa kuuza. Jambo hili linamhusu askari anayekamata, dereva anayekamatwa, na watoto wanaongoja nyumbani.

Nalizungumzia kwa kuwa lilifika kwetu. Shemeji yangu ni dereva wa kuajiriwa; hupakia mchele Bugarama na kuuleta mjini. Jioni moja alisimamishwa, akapuliza kipimo, kikaonyesha kwamba amezidi. Yeye alishikilia kuwa alikunywa kikombe kimoja tu cha urwagwa, tena muda mfupi kabla ya kusimamishwa. Dada yangu alinijia usiku ule akilia. "Kaka, tuuze yule ng'ombe, yaishe." Nikamjibu, "Dada, ng'ombe huuzwa mara moja, bali leseni ya mumeo ndiyo inayowalisha kila siku. Kwanza tumwone mwanasheria."

Wakili hakututuliza kwa maneno matamu. Alimwambia shemeji, "Ikiwa ulilewa, niambie sasa, nami nitakushauri ukiri. Ikiwa hukulewa, tutauliza." Maswali yake yalikuwa matatu. Zilipita dakika ngapi tangu kunywa hadi kupuliza? Pombe iliyobaki mdomoni hupandisha kipimo cha pumzi, ndiyo sababu wataalamu hutaka mtu angojee kama dakika 15. Je, chombo kilikaguliwa lini? Na maelezo aliyotia saini, alisomewa akayaelewa?

Katika jalada, saa ya kupimwa haikuandikwa. Wakili alilieleza hilo kwa mwendesha mashtaka kwa heshima, bila kumshutumu askari yeyote. Jalada likafungwa, shemeji akarudi kazini. Majirani wakasema ni ujanja. La, si ujanja. Ibara ya 29 ya Katiba ya Rwanda yatamka kwamba mtu huhesabiwa hana hatia mpaka mahakama ithibitishe, na kwamba ana haki ya kujitetea na kuwa na wakili. Kwa wasio na uwezo, Wizara ya Sheria ilianzisha ofisi za msaada wa sheria, ziitwazo MAJ, katika wilaya zote 30. Hata kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizikataa kanuni za kipimo cha pumzi za mwaka 2011, kwa kuwa hazikupatana na Sheria ya Trafiki iliyozizaa.

Hata hivyo, wakili si mwavuli wa mlevi. Amri ya Rais ya mwaka 2002 iliweka kikomo cha gramu 0.8 za pombe katika lita moja ya damu, na mwili hupunguza takriban gramu 0.15 tu kwa saa. Kwa hiyo aliyelala saa sita usiku akiwa na gramu 1.8, alfajiri ya saa kumi na mbili bado anazo kama 0.9, ingawa ameoga na kunywa kahawa. Huyo akipewa usukani katika kona za Nyungwe, hakuna wakili atakayewarudisha waliokufa.

Basi, ndugu askari, andika saa, andika hali ya dereva, hakikisha chombo kimekaguliwa. Jalada lililoandikwa vema halitikiswi na wakili yeyote. Nawe mama wa nyumbani, mumeo akikamatwa, usikimbilie kuuza ng'ombe, wala usithubutu kumpelekea mtu bahasha. Mtafute mwanasheria, na umwambie mumeo amweleze kweli tupu. Asiye na hatia atalindwa na sheria. Mwenye hatia ataadhibiwa kwa haki, na sote tutaziheshimu hukumu hizo.