Pointi Isiyo na Mwenyewe
Pam Shriver alikuwa na miaka 16 alipofika fainali ya mchezaji mmoja mmoja ya US Open, mwaka 1978. Hakufika tena fainali ya aina hiyo katika mashindano makuu. Heshima yake aliijenga katika mchezo wa wawili wawili: mataji makuu 21 ya wanawake, 20 akiwa na Martina Navratilova. Kati ya 1983 na 1985 walishinda mechi 109 mfululizo.

Wapo wasemao kwamba Navratilova angeshinda na yeyote. Lakini mwaka 1988, huko Seoul, Shriver alitwaa dhahabu ya Olimpiki pamoja na Zina Garrison. Isitoshe, mchezaji wa wavuni huweza kuamua pointi bila kuugusa mpira: mpinzani, akijaribu kumkwepa, hupiga nje. Pointi hiyo ni ya nani?

Kamati moja ya kupandisha vyeo iliwahi kuniuliza, kuhusu makala niliyoandika na mwenzangu, kurasa zipi ni zangu. Sikuweza kuzitenga. Kiswahili kina kauli ya kutendana, isiyokubali mtenda mmoja. Fomu za vyuo hazina. Nami sipendi kuona wanafunzi wangu wakiacha kuandika pamoja kwa kuliogopa swali hilo.