Sehemu ya 9: Mama, usidanganywe na "inakuza sana"

Nimetoka zamu ya usiku, ila hili niliseme kabla sijalala.

Mwanangu alililia darubini ya nyota, nikamnunulia ya mtumba. Muuzaji akasifia ile lenzi ndogo ya kuwekea jicho, ya milimita 4: "Hii inakuza balaa!" Usiku uani, ukungu mtupu, nyota ikipatikana inakimbia. Mtoto akalia. Kumbe bomba limeandikwa 700. Gawanya kwa 4, ni mara 175. Kwa kioo cha mbele cha milimita 60 hiyo imezidi, na kipande cha anga unachoona ni kama tundu la ufunguo.

Ukiwa na hela ya lenzi moja tu, chukua namba kubwa, 20 au 25. Bei ikiruhusu, yenye upana wa nyuzi 60 na kitu. Pima kwanza mdomo wake: nyingi ni inchi 1.25, za zamani ni nyembamba, haziingiliani. Tulipoweka ya 25, akakiona Kilimia, zile nyota za wazee wetu wakulima. Akahesabu akachoka.

Sasa naongea kama nesi. Kwenye boksi kulikuwa na kioo cheusi cha kuangalizia jua, cha kufunga kwenye lenzi. Nimekitupa. Kinaweza kupasuka kwa joto, na jua likiunguza ndani ya jicho haliumi, mtoto halii. Anakuja kukwambia baadaye, "Mama, katikati sioni."

Mchana darubini yetu inafungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi.